Ngozi ya Msaada Haina Damu Yake

"Yaani mniwekee ngozi ya maiti?" Wanawake wa Tanga huuliza hivi kwa sauti ya chini, tena mara nyingi humwuliza nesi badala ya daktari, mume au wifi akishatoka nje. Ni swali la haki na linastahili jibu lililonyooka. Ndiyo, ngozi inayosaidia kuunda upya titi baada ya saratani, tunayoiita ngozi ya msaada, hutoka kwa mtu aliyefariki, ambaye aliridhia akiwa hai au ndugu zake waliridhia kwa niaba yake. Lakini kinachofika chumba cha upasuaji si ngozi kama tunayoifahamu. Tabaka la juu limeondolewa, vinyweleo havipo, na chembe zote za mwenyewe zimeoshwa zikaisha. Kilichobaki ni nyuzi tupu za kolajeni na elastini: kipande cheupe, laini, chenye unene wa milimita moja hadi tatu hivi. Ni kama nyumba ya udongo iliyobanduliwa udongo wote zikabaki fito na kamba zake, na anayeikandika upya ni mwili wa mgonjwa mwenyewe, kwa chembe zake na mishipa yake ya damu.

Kwa kuwa chembe za mtoaji hazimo, mwili haupati cha kupigana nacho. Hakuna kulinganisha kundi la damu, wala kumeza dawa za kushusha kinga maisha yote kama afanyavyo aliyepandikizwa figo. Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, watu wengi wameyachanganya mambo haya mawili. Figo ni kiungo hai, kisipopata damu upesi kinakufa. Kipande hiki cha ngozi hakina uhai wa kupoteza, na ndiyo sababu kinaweza kukaa kwenye pakiti miezi mingi kikisubiri mgonjwa. Ila hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake, na karibu kila jambo tutakaloeleza hapa chini linatokana na huo udhaifu: hakina damu yake, kinaishi kwa damu ya kuazima.

Ngozi huchukuliwa ndani ya saa 24 tangu mtu afariki, mwili ukiwa umehifadhiwa kwenye baridi. Huchukuliwa kwa upasuaji, zaidi mgongoni na mapajani, uso hauguswi. Damu ya marehemu hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na ndugu huulizwa kwa kina habari za maradhi yake. Palipo na shaka, ngozi haitumiki. Kwetu pwani, ambako aliyefariki alfajiri huenda akazikwa alasiri, watu huogopa kwamba mazishi yatacheleweshwa na maiti haitafaa kuoshwa. Kazi yenyewe huchukua saa chache, na mwili hufungwa vizuri kabla ya kurudishwa kwa wenyewe.

Upande wa dini, tunawaambia wanawake neno lilivyo bila kulitia chumvi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu, kwa sharti la ridhaa, kuhamisha kiungo kutoka kwa marehemu kwenda kwa aliye hai ili kuokoa uhai au kurudisha kazi ya msingi ya mwili. Vilevile liliruhusu mtu kuhamishiwa sehemu ya mwili wake mwenyewe, ikiwemo kurudisha umbo lililopotea au kuondoa kasoro inayomdhuru kimwili au kinafsi. Kwa hiyo titi lililoundwa kwa nyama ya mgongo wa mwanamke mwenyewe halina mjadala mrefu. Kuhusu kipande cha ngozi ya marehemu kwa ajili ya titi, mwanamke anayetaka utulivu wa moyo amwulize sheikh anayemwamini kabla ya tarehe ya upasuaji, si usiku wa kuamkia siku hiyo. Na aulize jambo jingine ambalo wengi hawalijui: si vipande vyote hutoka kwa binadamu. AlloDerm, iliyoanza kutumika mwaka 1994 kwa walioungua moto, ni ya binadamu. Strattice ni ngozi ya nguruwe. Vipo pia vya ng'ombe. Vikiwa mezani vinafanana mno, kwa hiyo mgonjwa Mwislamu aombe jina la bidhaa na asili yake viandikwe kwenye fomu ya ridhaa anayotia sahihi.

Kazi ya kipande hiki ni kushikilia. Titi likiondolewa na kuwekwa kipandikizi cha silikoni, msuli mkubwa wa kifua hukifunika kwa juu tu. Chini hubaki ngozi peke yake, nyembamba, na uzito wa silikoni huivuta siku hadi siku. Daktari hushona ukingo mmoja wa kipande kwenye ncha ya chini ya msuli na ukingo wa pili kwenye mkunjo ulio chini ya titi, kikawa kama mkono unaobeba kutoka chini. Ukubwa unaotumika sana ni sentimita 6 kwa 16, au 8 kwa 16. Njia nyingine ni kukiweka kipandikizi juu ya msuli na kukizungushia ngozi hii kote. Maumivu hupungua kwa kuwa msuli haukuguswa, ila kipande kikubwa zaidi huhitajika, na bei ya kimoja tu hufika maelfu ya dola.

Kabla ya kushonwa, kipande hukaguliwa tarehe na namba ya mtoaji, kisha huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Vilivyokaushwa hulowekwa kwenye bakuli la kwanza, halafu la pili, mpaka vilainike kabisa. Tena kina pande mbili. Ukikidondoshea damu na kukisuuza, upande mmoja hubaki mwekundu na mwingine hurudia weupe. Ule unaoshika damu ndio unaotakiwa kutazama ngozi ya mgonjwa, kwa kuwa ndiko mishipa mipya itakakotokea. Kikigeuzwa, kinachelewa kushika.

Sasa tuje kwenye yanayoharibika, maana hapa ndipo mgonjwa na anayemwuguza wana kazi kubwa kuliko daktari.

Titi likiondolewa, mifereji midogo ya limfu, yale majimaji mepesi yanayozunguka mwilini, hukatika na kuvuja kwa siku nyingi. Yakijikusanya kati ya ngozi ya mgonjwa na kipande, mishipa ya damu haiwezi kuvuka dimbwi. Kipande hubaki kinaelea, kitupu, na bakteria wakifika hapo wanakuta chakula na hakuna wa kuwazuia. Dawa za kuua bakteria husafiri ndani ya damu, mahali pasipo na damu dawa haifiki. Ndiyo maana maambukizi ambayo kwenye jeraha la kawaida yangetibiwa kwa vidonge, hapa huishia kwa mgonjwa kurudishwa chumba cha upasuaji, kipande na kipandikizi vikatolewa vyote. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha madaktari kwamba baadhi ya aina za vipande hivi zilikuwa na matatizo mengi zaidi ya maambukizi na ya kurudia upasuaji kuliko nyingine. Kuuliza "mnatumia aina gani, na kwa nini hiyo" si utovu wa adabu mbele ya daktari.

Kwa hiyo ule mrija wa kutoa majimaji, ambao kila mgonjwa anatamani utolewe kesho, ndio unaoiokoa kazi nzima. Unaibana ngozi kwenye kipande. Mwisho wake una kichupa laini cha mpira, na kichupa hicho kinafanya kazi kikiwa kimeminywa tu. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua kizibo, mimina majimaji kwenye kikombe chenye alama za mililita. Kama hakuna, bomba la sindano la mililita 50 lisilo na sindano linatosha. Andika kiasi na saa kwenye daftari. Kisha minya kichupa mpaka kuta zake zigusane, na ukiwa bado umekiminya ndipo ufunge kizibo. Wengi hufunga kwanza wakaminya baadaye, na kichupa hakivuti kitu. Ukikikuta kimejaa hewa na kimevimba asubuhi, usiku mzima majimaji yalibaki ndani. Mrija nao hukamuliwa: shika karibu na mwili kwa vidole vya mkono mmoja ili usivutike, teremsha vidole vya mkono wa pili kuelekea kichupani, bonge la damu litoke.

Siku ya kwanza mtu hutoa hata zaidi ya mililita 100, rangi nyekundu. Baadaye hugeuka waridi, kisha manjano mepesi. Mrija hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, na palipowekwa ngozi ya msaada hali hiyo inaweza kufika wiki ya pili au ya tatu. Daftari ndilo linaloamua, na ndiyo sababu tunasisitiza vipimo viandikwe na mtu mmoja nyumbani. Wakipokezana dada, binti na jirani, kila mmoja akikadiria kwa jicho, hesabu haina maana tena.

Joto la Tanga wakati wa kaskazi linafanya jasho lisimame chini ya bandeji. Dera la pamba lililo pana linafaa kuliko blauzi. Kichupa kibanwe kwa pini kwenye dera chini ya usawa wa jeraha, kisining'inie kwa uzito wake. Kuoga ni kwa kitambaa kilicholowa, kiunoni kushuka chini, hadi mrija utoke na tundu lake lifunge. Bahari ya Raskazone isubiri. Habasoda, karafuu iliyosagwa na mafuta ya nazi visiguse mshono, hata bibi akisema vimeponya wengi. Kovu likishafunga kabisa, mafuta ya nazi ya kulikandia hayana neno.

Mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo akipata homa ya 38 au zaidi, majimaji yakigeuka mazito au kunuka, au ngozi ya titi ikianza kuwa ya zambarau halafu nyeusi. Weusi huo huonekana ndani ya wiki ya kwanza. Maana yake ngozi iliyoachwa baada ya kuondoa titi haikupata damu ya kutosha, na kipande kilicho chini yake hakina pa kuazima damu. Upo pia wekundu unaotokea sehemu ya chini tu, pale pale kilipo kipande, bila homa wala maumivu. Huo mara nyingi si maambukizi na hufifia wenyewe, lakini anayepaswa kusema hivyo ni daktari aliyeuona kwa macho. Kwa mgonjwa mweusi wekundu haujitokezi wazi. Ngozi hukolea weusi au kung'aa, na joto lake ukiipapasa kwa mgongo wa kiganja hukuambia zaidi kuliko rangi.

Damu ya kuazima inapunguzwa na mambo mawili ambayo huku kwetu hayaulizwi ipasavyo. Tumbaku ni la kwanza. Ukimwuliza mama wa makamo kama anavuta sigara atasema hapana, na anasema kweli. Ila anakula tambuu yenye tumbaku kila baada ya chakula, au anaweka ugoro. Nikotini hubana mishipa midogo, iwe imevutwa au imetafunwa. Iachwe angalau wiki nne kabla ya upasuaji na isirudiwe mpaka jeraha lipone. La pili ni kisukari. Wapasuaji wengi hutaka kipimo cha sukari ya miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 8 kabla ya kupanga tarehe, na kupima sukari ya asubuhi moja hakutoshi kuchukua nafasi yake.

Lipo swali kubwa zaidi: mwanamke huyu anafaa kweli kuwekewa ngozi ya msaada? Jibu linaanzia kwenye kikopo cha fomalini, dawa inayozuia nyama isioze kabla ya kupimwa. Kinyama cha kipimo, na baadaye titi lenyewe, vinatakiwa kuingia kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu vikatwe, vikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Titi zima likatwe vipande kwanza, kwani dawa hupenya karibu milimita moja tu kwa saa, na katikati huoza huku nje pamekauka. Sampuli iliyoharibika njiani kwenda maabara ya Dar es Salaam au Moshi haiwezi kusema kweli kuhusu vipokezi vya homoni na vya HER2, yaani alama kwenye chembe za saratani zinazoonyesha dawa itakayofaa. Pasipo majibu hayo, pamoja na hatua ugonjwa ulikofika, hakuna anayejua kwa uhakika mgonjwa atahitaji dawa zipi, wala kama atahitaji mionzi.

Na mionzi ndiyo inayoamua. Huunguza mishipa midogo na kuifanya ngozi kuwa ngumu, ikapungua ile ile damu ambayo kipande kilikuwa kinaitegemea. Kipandikizi kilichopigwa mionzi hubanwa na kovu gumu, titi likapanda juu na kuuma. Wanawake wengi Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na waliofika hatua ya tatu kwa kawaida huhitaji mionzi baada ya upasuaji. Kwao tunasema bila kusitasita: wasiharakishe. Wamalize mionzi, mara 15 kwa wiki tatu au 25 kwa wiki tano, wapumzike miezi sita au zaidi, kisha kama bado wanataka titi, liundwe kwa nyama yao. Msuli mpana wa mgongo hukatwa pamoja na kipande cha ngozi chenye umbo la yai, ukapitishwa chini ya kwapa hadi kifuani bila kukatwa mshipa wake wa damu. Hauhitaji darubini ya upasuaji. Unakuja na damu yake, na kifua kilichoungua kinafaidika nayo. Adha yake kubwa ni majimaji kujaa mgongoni, kwa hiyo mrija na daftari viko pale pale. Nyama ya tumbo nayo inafaa, ila ikichukuliwa pamoja na msuli, ukuta wa tumbo hudhoofika, na mama anayebeba mizigo aelezwe hilo mapema.

Ngozi ya msaada inamfaa aliyewahi: uvimbe mdogo, kwapa lisilo na saratani, mionzi haihitajiki, na anaweza kufika kwa mpasuaji wake haraka akiona dalili. Hilo la mwisho halipewi uzito unaostahili. Toka Tanga mjini hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 350, na wa Pangani au Lushoto huongeza njia yake. Mtu anayewekewa kwanza puto la kutanua ngozi, linalojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo, huanza, tuseme, na mililita 150 siku ya upasuaji akihitaji 400. Kila ziara huongezwa 50. Hizo ni safari tano kabla hata ya upasuaji wa pili wa kubadilisha puto kwa kipandikizi. Aliye na ngozi ya kutosha na kipande cha kuishikilia anaweza kuwekewa kipandikizi moja kwa moja, safari zikapungua, na kwa mtu wa mikoani huo ndio msaada halisi wa ngozi hii. Ndani ya basi, kichupa kimwagwe na kuminywa kabla ya kuondoka, na kitambaa kilichokunjwa kiwekwe kati ya mkanda na kifua.

Mkono wa upande uliopasuliwa usipande juu ya bega mpaka mirija itoke, kwani kila ukinyooshwa ngozi inateleza juu ya kipande na kukatia mishipa michanga. Kukunja kiwiko, kufumba na kufumbua ngumi, kuzungusha mabega polepole, hayo yaanze kesho yake. Mirija ikitoka, simama ukitazama ukuta, vidole vipande kidogo kidogo, weka alama ya chaki ulipofika. Wiki sita za mwanzo asibebe zaidi ya kilo mbili. Ndoo ya lita 20 imepita kiasi mara kumi. Kukuna nazi kwenye mbuzi na kusukuma chapati ni kazi za msuli ule ule wa kifua, kwa hiyo zihamie kwa mwingine, hata kama yeye ndiye mpishi wa nyumba. Ikiwa tezi za kwapa ziliondolewa, kuparua samaki kufanywe kwa glavu siku zote: mwiba mmoja wa changu huingiza bakteria, na mkono ukivimba kwa limfu mara moja, hurudia kwa urahisi.

Wako wengi ambao hawatataka kisu kingine, au hawatakipata. Hao nao wanastahili kifua kilicho sawa ndani ya nguo. Wiki sita hadi nane za mwanzo, titi la kitambaa liwe jepesi: pamba laini ndani ya kitambaa cha pamba, bila mshono upande unaogusa kovu. Baadaye liongezewe uzito, maana upande mmoja ukiwa mtupu mabega hupinda na shingo huuma. Kupata kipimo, jaza bakuli maji pomoni ndani ya sinia, inama uzamishe titi lililobaki, kisha pima yaliyomwagika. Mililita 400 ni takribani gramu 400. Uwele uliokaushwa vizuri hufaa kwa uzito huo, ukiwa kwenye mfuko wake mdogo uwekwe upande wa chini, pamba juu. Mfuko huo ushonewe kifungo ili utolewe kabla ya kufua. Kwa unyevu wa pwani nafaka iliyolowa huota ukungu ndani ya siku chache, kwa hiyo ibadilishwe mara inapoanza kunuka, na kifuniko kikaushwe kivulini hadi mishono yake ya ndani ikauke.